Namna ya kufuga mu Bukavu bila kuzalisha mikrobe yenye dawa haiuwe tena

Ba mama na ba papa, wote wenye muko na kuku, dende (kobaye), sungura ao nguruwe mu parseli, hii ni yenu, na ni ya ule pia mwenye hafuge kitu lakini kila siku ya posho anaenda kununua kuku Kadutu ao Nyawera, juu mikrobe inatoka mu nyumba ya kuku inaingia mu sufuria ya jirani bila kuuliza ruhusa.

Muangalie vile tunafanyaka. Kuku mbili wanaanza kuinamisha kichwa, mabawa inashuka, mavi inageuka kijani. Mtoto anatumwa ku farmasi, analeta tetra ya watu, mama anapasua kapsuli na vidole juu ya kipande cha bido chenye kuku wanakunywiaka, unga ya manjano inaanguka, anakoroga na kijiti, njo matibabu imekwisha. Kiisha siku tatu wamoja wamekufa, wengine wako wanadonoa, na sisi tunasema tetra iliwaokoa. Si vile. Ule ugonjwa wa mavi ya kijani na shingo kupinda, wenye unafagiaka kuku wa kartie nzima kwa juma moja, mara mingi ni Newcastle, na Newcastle ni virusi. Tetra, ampi, sipro na kotrim zote ni antibiotiki, ni kusema dawa za kuua bakteria, hakuna hata moja yenye inauaka virusi. Kuku wenye walipona, mwili wao njo ulipigana.

Lakini ile dawa haikupita bure. Mu matumbo ya kuku muko mikrobe mingi sana, ingine ni ya mzuri, ingine ni kama salmonela na E. koli. Tetra kidogo mu maji inaua yenye ni zaifu, inaacha yenye ilisha kujua namna ya kujikinga, na ile njo inazaa inajaza fasi yote. Tena mikrobe iko na vipande vidogo vya urithi, wasomi wanaviita plasmidi, inaweza kuvipatia mikrobe ingine hata kama si ya aina yake. Ni kusema E. koli ya kuku, yenye haikugonjwesha mtu yeyote, inaweza kupatia ule ujanja E. koli ingine yenye inashika mkojo wa mama mjamzito ao damu ya mtoto mchanga, na siku ile dokta anatoa dawa na dawa haifanye kitu.

Mu 2015 wachunguzi wa China walitangaza kama walipata mu nguruwe, mu nyama ya soko na mu wagonjwa wa hospitali pia, jeni moja ya bakteria inaitwa mcr-1 yenye inashinda kolistini. Kolistini ni antibiotiki ya wakati wa mwisho, ba dokta wanaiwekaka kando kwa mgonjwa mwenye dawa zingine zote zilishindwa, na kule walikuwa wanaitia mu chakula ya nguruwe ili wanone mbio. Mu 2017 China ikakataza ile mambo, Ulaya yenyewe ilisha kukataza antibiotiki zote za kunonesha tangu 2006. Ku dunia nzima, mu 2019, karibu watu milioni 1.27 walikufa juu mikrobe ilikataa dawa, na huku kwetu kusini ya Sahara ni kati ya fasi zenye ziliumia zaidi. Sisi wa Bukavu wenye tunaishi watu na wanyama ku mlima mmoja, kuku wako chini ya ngazi, dende wako mu kuzini karibu na mbabula, na mvua ikinyesha inasukuma mavi ya parseli ya juu mu parseli ya chini mpaka mu mto Kawa mpaka mu ziwa, hatuna haki ya kuchezea ile kitu.

Sasa tufanye nini.

Mujue kwanza ni nini inaua

Mbele ya kutuma mtoto ku farmasi, muangalie mnyama. Newcastle na Gumboro, magonjwa ya kuku, ni virusi. Pesti ya nguruwe, ile ya homa kali, masikio na tumbo inakuwa nyekundu-nyekundu na nguruwe karibu wote wanakufa, ni virusi pia, na haina dawa hata moja, sindano zote munachoma ni feza munatupa. Vifaranga wenye wanahara damu, mara mingi ni koksidiozi, ile si bakteria na iko na dawa yake kama amproliumu. Minyoo ni minyoo. Ukihesabu hizi zote, utaona kama sehemu kubwa ya vifo vya mu parseli zetu haina kazi na antibiotiki hata kidogo.

Ziko magonjwa ya bakteria kweli, siwafiche: kolera ya kuku, koriza yenye inavimbisha uso, matiti ya ngombe yenye inavimba. Pale antibiotiki iko na fasi yake. Lakini ni veterineri anasema, si jirani, wala si mwenye farmasi mwenye hajaona mnyama.

Vaksini, njo kazi yenyewe

Hapa minataka tukae, juu mwenye anachanja vizuri hafikie hata fasi ya kutafuta tetra. Kwa vifaranga wa mayai ao wa nyama, ba veterineri wengi wanapangaka hivi: juma ya kwanza Newcastle, juma ya pili Gumboro, juma ya tatu Newcastle tena, na vaksini yenye inaitwa La Sota, kiisha wanarudilia Gumboro. Muhakikishe kalendari na veterineri wenu, juu inabadilika kufuatana na kuku. Kuku wa kienyeji wenye wanatembea-tembea, Newcastle inarudiliwa kila miezi 3 ao 4.

Watu wananiambiaka «nilichanja na wakakufa». Mara mingi vaksini ilikufa mbele ya kufika mu mdomo wa kuku. Ile vaksini ni virusi hai yenye walizaifisha, jua inaiua, joto inaiua, na klore inaiua mbio sana. Kwa ile, mubebe chupa ndani ya termosi na barafu tangu kule munanunua mpaka nyumbani, hapana kuiweka mu mfuko ya suruali. Maji ya robine iko na klore, basi mutumie maji safi ya mvua ao yenye ilitokota ikapoa kabisa, na hata pale mukoroge kwanza kijiko kidogo kisichojaa cha maziwa ya unga yenye haina mafuta mu kila lita, maziwa inashika klore yenye ilibakia. Kikombe cha kukunywia kisiwe kimeoshwa na javeli wala sabuni ile siku. Asubui mapema muondoe maji yote ya kuku kwa saa moja ao mbili ili wasikie kiu, kiisha muwape maji ya vaksini mu vikombe vya kutosha, ule kuku muzaifu asisukumwe na majogoo. Inapaswa iishe mu saa 2. Na kuku wenye walisha kugonjwa haiwasaidie, vaksini ni ya wazima.

Shida ya kweli ni kwamba chupa moja inakuwaka ya doze 100, 500 ao 1,000, na wewe uko na kuku 12. Muungane. Ba mama wa avenyi moja wanachanga, wanachagua siku, wanachanja wote asubui moja, na chupa yenye ilifunguliwa haiwekwe ya kesho. Hata ugonjwa wenyewe unapata fasi ndogo ya kuingilia kama parseli zote zimechanjwa siku moja.

Kwa nguruwe wa huku kwetu, kinga ni kuwafungia. Musiache watembee, musiwape mabakio ya nyama ya nguruwe, na mabakio ya restora mutokotesheke dakika 30 mbele ya kuwapa. Mwenye anakuja kununua asiingie mu kibanda na viatu vyake vya soko. Inaonekana kama ni dharau kumukataza papa mzima kuingia, lakini mumuelezee na heshima, atasikia.

Kama antibiotiki inahitajika kweli

Veterineri apime uzito na aseme doze, siku ngapi, na siku ngapi za kungojea mbele ya kula nyama, mayai ao maziwa. Muandike mu kaye: tarehe, jina la dawa, mnyama gani. Mumalize siku zote hata kama mnyama anaanza kula.

Ile ya kumwanga kapsuli ya watu mu maji, muiache. Kuku mgonjwa hakunywe sana, basi ule mwenye anahitaji dawa njo anapata kidogo, na wazima wanakunywa yote. Tena tetra inashikamana na kalsiumu, ile yenye iko mingi mu chakula ya kuku wa mayai, na sehemu yake haiingie mu damu. Kwa hiyo ile doze ya macho inakuwa kidogo sana ya kuponesha lakini ya kutosha kabisa ya kufundisha mikrobe.

Muangalie sana zile sashe za unga zenye wanauza kama «vitamini», «antistresi» ao «ya kukomalisha vifaranga». Nyingi ndani yake muko antibiotiki zenye zimechanganywa na vitamini. Mugeuze sashe, musome nyuma. Majina yenye inamalizikia na silini, sikilini, misini ao floksasini, ao yenye inaanza na sulfa, ni antibiotiki. Mukiona kolistini, murudishe ku meza. Vitamini bila antibiotiki iko, muulize mpaka muipate.

Mayai, maziwa na siku za kungojea

Ku etiketi waliandika siku ngapi kiisha sindano ya mwisho mbele ya kula nyama, mayai ao maziwa. Haijalishi kama mteja iko ku mlango na feza mu mukono. Ile dawa yenye ilibakia mu nyama, kupika haiondoe yote, na mtu mwenye mwili wake haupatanike na penisilini anaweza kugonjwa sana. Kwa maziwa, ba mama wa Kabare na Walungu wenye wanatengenezaka mashanza wako na kipimo chao bila labo: maziwa ya ngombe yenye ilichomwa antibiotiki juzi inakataa kuganda vizuri, juu dawa inaua ile mikrobe ya mzuri yenye inachachisha. Maziwa ikikataa hivyo mara mbili tatu, na vyombo ni safi, muulize muuzaji alichoma nini.

Ku kuzini

Moto haubague. Mikrobe yenye ilishinda dawa zote inakufa sawa na ingine kama nyama imefika digri 70 mpaka ndani. Kwa macho: karibu na mufupa kusibakie rangi ya pinki, na maji yenye inatoka iwe safi, bila damu. Hatari iko mbele ya moto. Wakati munapasua tumbo la kuku, kisu kiingie polepole juu ya ngozi tu, juu mukitoboa matumbo, mavi inapaka nyama yote. Na ubao wa kuku na ubao wa tomati isiwe moja. Kama hauna mbili, kata tomati na sombe kwanza, kuku mwisho, kiisha osha na sabuni na maji ya moto. Kuku mbichi musimuoshe chini ya maji yenye inarukaruka, matone inafika mpaka ku sahani ya mtoto. Mikono na sabuni kila mara, hata kiisha kushika yai lenye liko na mavi, na watoto wenye wanacheza na dende wanawe mbele ya kula. Maziwa itokote.

Mavi

Hapana kumwanga mavi mabichi ya kuku juu ya lengalenga yenye mutachuma juma ijayo. Murundike pamoja na majani na maranda ya mbao, fasi yenye mvua haiburute, mufunike. Kati ya ile rundo inachomaka sana, mukichoma kijiti ndani na kukitoa munasikia joto ku mukono. Mugeuze kila juma ili ya inje iingie ndani, muipatie miezi mbili tatu. Joto ile inaua sehemu kubwa ya mikrobe na inawaletea mbolea ya mzuri zaidi. Mnyama mwenye alikufa na ugonjwa azikwe mu shimo refu, mbali na chemchem. Kumupika ao kumuuza bei chini ku malewa ni kuua watu.

Mukigonjwa

Makamasi na kikohozi cha kawaida mara mingi ni virusi, pale hata mtu hahitaji antibiotiki kama amoksi. Lakini mtoto mwenye homa yenye haishuke, mwenye anahara damu, ao mtoto mchanga mwenye anakataa ziwa, mumupeleke ku santre ya afya siku ile ile, musingoje mumalize kwanza tembe za jirani. Na mwambieni dokta bila haya kama nyumbani munafuga, wanyama gani, na walipewa dawa gani miezi hii. Mubebe ile kaye, hata sashe tupu. Kama antibiotiki ya kwanza haifanye kitu kiisha siku mbili tatu, murudi, na muulize kama kuna fasi ya kufanya analize ya damu ao ya mkojo pamoja na antibiogramu, ile yenye inaonyesha ni dawa gani ingali inaweza kuua mikrobe ya mtoto.