Kukagua Kidhibiti Mwendo cha Zamani Kwenye Boti ya Rimoti

Mwongozo huu unahusu kile kisanduku kidogo kinachokaa kati ya betri na mota ya boti ya rimoti, kinachopokea amri kutoka kwenye kipokezi (kifaa kinachonasa mawimbi ya rimoti ndani ya boti) na kuamua mota izunguke kwa nguvu kiasi gani na kuelekea upande upi. Ninazungumzia vidhibiti vya mota za brashi vya miaka ya 1980 na 1990, ambavyo hadi leo vimo ndani ya matagi (boti za kuvutia meli) na meli ndogo za uvuvi zinazouzwa kama mitumba. Ninaishi Uingereza, ambako maziwa ya bustani za miji ndiyo uwanja wa boti hizi, na karibu kila boti kuukuu niliyoinunua ilikuja na maneno yaleyale, kwamba kidhibiti kimekufa. Mara nyingi kilikuwa hai, na kilichokufa kilikuwa kitu kingine kilichounganishwa nacho. Kwa sababu hiyo tutaanzia nje, na bisibisi ya kufungulia kisanduku itasubiri hadi karibu na mwisho.

Hatua ya kwanza: tayarisha meza

Iweke boti juu ya kitako chake, kisha uitenganishe mota na shafti ya rafadha, kwa maana kidhibiti kibovu kinaweza kuiwasha mota kwa nguvu zote mara tu betri inapounganishwa, na rafadha ya shaba haina huruma kwa vidole. Andaa maltimita, sevo (mota ndogo inayogeuza usukani) moja unayojua kuwa ni nzima, na balbu ya indiketa ya gari ya volti 12 na wati 21 iliyolehemiwa nyaya mbili. Balbu hiyo ndiyo kifaa muhimu kuliko vyote mezani. Inapita ampea zisizofika mbili, hivyo hata kukiwa na kosa, transista, yaani swichi za kielektroniki zilizo ndani ya kidhibiti, haziungui wakati unaendelea kutafakari. Weka pia fyuzi kwenye waya chanya wa betri ikiwa mwenye boti wa awali hakuiweka, wengi hawakuiweka. Washa rimoti kwanza kila mara ndipo uunganishe betri, na wakati wa kuzima ufanye kinyume chake.

Hatua ya pili: betri na plagi

Betri ya risasi ya volti 12 iliyochoka huonyesha volti 12.5 ikiwa imepumzika, kisha huanguka vibaya inapopewa kazi. Kwa hiyo iunganishe na balbu moja kwa moja, bila kidhibiti, upime volti huku taa ikiwaka kwa dakika moja au mbili. Betri inayoshindwa na balbu haitaweza mota, na dalili yake majini ni boti inayoondoka vizuri kisha inasimama na usukani kulegea, jambo ambalo watu hulisingizia kidhibiti.

Soma pia maandishi yaliyo juu ya kisanduku. Kilichoandikwa volti 7.2 kilikusudiwa betri ya seli sita za nikeli, si betri ya lithiamu ya seli tatu, ambayo ikijaa hufikia volti 12.6. Vidhibiti vya enzi hiyo havina kinga ya kuikatia umeme betri ya lithiamu inapokaribia kuisha, hivyo hata pale ambapo volti zinaruhusu, betri yenyewe itaharibika ukiiacha ishuke chini ya volti 3 kwa kila seli.

Plagi zikague kwa jicho na kwa mkono. Kutu ya kijani kwenye shaba, waya uliokatika ndani ya ganda lake huku nje ukionekana mzima, na lehemu iliyopasuka kwenye ncha za mota ni magonjwa ya kawaida kabisa ya chombo kinachokaa karibu na maji.

Hatua ya tatu: kipokezi na umeme wake

Chomeka sevo nzima kwenye chaneli ya mwendo, mahali pa kidhibiti, na ukipe kipokezi umeme kutoka kwenye betri yake ndogo ya volti 4.8. Sevo ikifuata wenzo wa mwendo kwenye rimoti, basi rimoti na kipokezi ni vizima. Ondoa sasa betri hiyo ndogo na urudishe plagi ya kidhibiti. Usiache vyanzo viwili vya umeme vikilisha kipokezi kwa pamoja.

Vidhibiti vingi vina kipunguza volti kinacholisha kipokezi kupitia waya mwekundu wa katikati ya plagi. Pima kwenye chaneli iliyo wazi. Unatarajia takriban volti 5. Hapa inafaa kuelewa kwa nini sehemu hii hufa mapema. Kipunguza volti cha zamani huigeuza ziada yote kuwa joto: kwa betri ya volti 12, sevo ikivuta ampea 1, ziada ni volti 7, yaani wati 7 zinazochomwa ndani ya kisanduku cha plastiki kisichopitisha hewa. Kwa betri ya volti 7.2 joto hilo huwa wati 2.2 tu. Tagi yangu ya kwanza ilikuwa na usukani unaoganda baada ya dakika kumi, ukapona kila nilipoirudisha ufukoni kupoa, na nilibadilisha sevo mbili kabla ya kugusa kisanduku na kuunguza kidole. Dawa yake ni rahisi: chomoa waya mwekundu kutoka kwenye plagi ya kidhibiti, uufunge kwa utepe, na ukirudishie kipokezi betri yake.

Angalia pia mpangilio wa nyaya. Plagi za kampuni za rimoti za Futaba na JR huweka chanya katikati, lakini baadhi ya plagi za zamani za Sanwa zina mpangilio tofauti, na kuzilazimisha ziingie kwenye kipokezi kipya ni njia ya haraka ya kukiua.

Hatua ya nne: ishara

Kipokezi hupeleka mpigo mmoja wa umeme kila baada ya milisekunde 20 hivi. Mpigo wa milisekunde 1.5 maana yake ni kusimama. 1 na 2 ni nguvu zote za kwenda mbele au nyuma. Huhitaji osiloskopu ili kuuona. Weka maltimita kwenye volti za mkondo mnyoofu kati ya waya wa ishara na waya hasi, nayo itakupa wastani: kama mpigo una kimo cha volti 5, utaona karibu volti 0.37 wenzo ukiwa katikati, 0.25 upande mmoja na 0.5 upande mwingine.

Kipimo hiki hufichua tatizo linalowachanganya wengi waliotoa kipokezi cha megahezi 40, masafa ambayo hapa Uingereza yametengwa kwa ajili ya boti na magari ya rimoti, wakaweka cha gigahezi 2.4. Vipokezi vingi vipya hutoa mpigo wa volti 3.3 tu, na maltimita itasoma karibu 0.25 katikati. Sevo mpya hutosheka na kimo hicho, ilhali kidhibiti cha zamani kilichozoea volti 5 kinaweza kukaa kimya kabisa, kizima cha mwili. Kijaribu kwa kipokezi cha zamani kabla hujakihukumu.

Hatua ya tano: balbu mahali pa mota

Unganisha balbu kwenye nyaya za mota, weka wenzo katikati, kisha unganisha betri. Taa isiwake. Sukuma wenzo taratibu: mwanga uongezeke kidogokidogo hadi mwisho, na uvutapo nyuma ufanye vivyo hivyo, huku alama ya volti kwenye maltimita iliyowekwa kwenye nyaya za balbu ikigeuka kutoka chanya kwenda hasi.

Taa ikiwaka wenzo ukiwa katikati, chomoa plagi ya ishara na, kama kipokezi kilikuwa kikitumia betri yake, kizime. Ikizimika, tatizo ni marekebisho tu: visanduku vingi vya zamani vina skrubu mbili ndogo, moja ya kuweka katikati na nyingine ya kuweka mwisho, na unapaswa kuizungusha ya kwanza polepole kwa bisibisi ya plastiki hadi taa izime, kisha ya pili hadi iwake kikamilifu wenzo unapofika mwisho. Ikiendelea kuwaka bila ishara yoyote, transista imepiga shoti.

Taa ikiwaka upande mmoja tu, sikiliza. Vidhibiti vya mwanzo hugeuza mwelekeo kwa rilei, yaani swichi inayosukumwa na sumaku ya umeme, nayo hutoa mlio wa "tiki". Ukiusikia bila taa kuwaka, vigusio vya rilei vimeungua, na kipande cha karatasi ngumu kilicholoweshwa spiriti, kikipitishwa katikati yake, mara nyingi huvirudishia uhai.

Kama balbu imetii kila amri, kidhibiti ni kizima. Geukia mota: izungushe kwa mkono, kisha shafti nayo. Grisi iliyoganda ndani ya bomba la shafti, uzi wa mshipi uliojisokota kwenye rafadha, au mota iliyopangwa mkingamo na shafti huongeza ampea kupita uwezo wa kisanduku. Hakikisha pia mota ina kapasita zake tatu za nanofaradi 100, moja kati ya ncha mbili na moja kutoka kila ncha hadi kwenye ganda la chuma, kwa sababu cheche za brashi zisizozuiwa humfanya mtu aone matatizo ya kidhibiti ambayo hayapo.

Hatua ya sita: kufungua

Safisha bodi kwa spiriti na mswaki, iache ikauke, uyeyushe upya lehemu kwenye nyaya nene. Kapasita iliyovimba kichwa ibadilishe kwa yenye thamani ileile na volti zisizopungua za awali. Kwa kila transista, pima kwenye alama ya dayodi kati ya mguu wa kati na wa tatu: nzima huonyesha karibu volti 0.5 upande mmoja na kutopitisha upande mwingine, na iliyokufa huonyesha sifuri pande zote. Kumbuka kwamba zilizofungwa sambamba hupimika kama moja, hivyo ing'oe unayoishuku ndipo uamue. Weka mpya yenye namba ileile, na ubadilishe zote zilizo sambamba nayo, kwani iliyobaki imekwisha kuteswa. Njia za shaba zikiwa zimeungua na kubanduka, mimi huacha hapo na kununua kingine.

Hatua ya saba: majini

Kirudishe kisanduku juu ndani ya boti, mbali na maji ya sakafuni. Ukiziba mianya, usitumie silikoni yenye harufu ya siki, kwa kuwa asidi yake hula shaba. Unganisha mota na rafadha, endesha boti ndani ya beseni au karibu na ukingo kwa dakika tano, kisha itoe na uguse kwa uangalifu bati la kupoza joto. Likiwa la moto kiasi cha kukufanya uondoe kidole, punguza ukubwa wa rafadha kabla ya kuipeleka katikati ya ziwa.