Kulanti ya kompyuta: namna ya kuichagua, na kuuzuia mvujo kabla haujaanza

Wengi wanaojenga mfumo wa maji wa kupozea kompyuta kwa mara ya kwanza huanza na rangi ya kulanti, yaani kimiminika kinachozunguka humo. Anza na metali. Maji yatagusa bloku ya prosesa (kipande kinachokaa juu ya prosesa na kupitisha maji), rejeta na fitingi zote (viungio vya mabomba) kwa wakati mmoja, na metali zisizopatana zikikutana ndani ya maji, iliyo dhaifu huliwa.

Hatua ya 1: Kagua metali

Shaba nyekundu, shaba ya njano na nikeli hukaa pamoja vizuri. Alumini usiichanganye nazo. Baada ya miezi kadhaa utaikuta imetoboka vitundu vitundu, na unga mweupe umeganda kwenye njia za bloku. Kama maelezo ya rejeta hayataji metali yake, usiinunue.

Hatua ya 2: Chagua kulanti

Maji ya bomba yana chumvi na chokaa, kwa hiyo hayafai. Maji yaliyokenekwa, yaani ya mvuke uliopozwa ukarudi kuwa maji, yanapoza vizuri kuliko kulanti nyingi za dukani, lakini yakiwa peke yake huota ukijani na hayazuii kutu. Yatie dawa ya kuua vijidudu na dawa ya kuzuia kutu, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa.

Ukitaka iliyo tayari, chukua ya rangi inayopitisha mwanga, au isiyo na rangi kabisa, yenye propilini glikoli. Ethilini glikoli ni sumu, na utamu wake huwavutia watoto na wanyama. Zile nzito kama maziwa mimi siziweki kwenye mashine ya kazi: chembe zake hutuama. Nimewahi kufungua bloku nikakuta mapezi yake yamezibwa na uji mweupe, maji yanapita kwa shida.

Na lile neno "haipitishi umeme" kwenye lebo lisikulaze usingizi. Ni kweli siku unayofungua chupa. Kadiri kulanti inavyozunguka, huokota ayoni za metali (chembe ndogo zenye chaji) na huanza kupitisha umeme, sembuse ikidondokea vumbi la kwenye ubao mama. Kinga yako iko kwenye oringi, zile pete za mpira zinazoziba maungio ndani ya fitingi.

Hatua ya 3: Andaa mabomba na oringi

Hapa usiwe na haraka. Bomba gumu likikatwa kwa msumeno, ukingo wake hubaki mkali kama wembe. Ukilisukuma hivyo ndani ya fitingi, linakata oringi bila wewe kusikia chochote. Lichomoe ulitazame: ukiona uzi mwembamba mweusi wa mpira umenata kwenye ncha, oringi hiyo imekwisha, badilisha. Kwa hiyo piga msasa ukingo wa nje na wa ndani mpaka kidole kipite bila kukwaruzwa, suuza vumbi, lowesha oringi kwa tone la kulanti, kisha sukuma ukizungusha taratibu.

Fitingi zikaze kwa vidole. Spana huibana oringi mpaka ikachomoka kwenye mfereji wake, na huweza kupasua akriliki, ile plastiki ngumu ya uwazi. Rejeta mpya isuuze kwa maji ya moto, umalizie kwa yaliyokenekwa.

Hatua ya 4: Pima kwa hewa

Kabla ya tone lolote la maji, funga pampu ya mkono yenye geji, jaza hewa hadi shinikizo la baa 0.5, uache dakika 30. Usizidishe, tangi la kulanti linaweza kupasuka. Mshale ukishuka, gusa fitingi moja moja mpaka uipate inayolegea.

Hatua ya 5: Jaza na upime kwa maji

Chomoa nyaya za umeme za ubao mama na kadi ya grafiki. Pampu pekee ndiyo ipate umeme, pawa saplai ikiwashwa kwa plagi ya kuunganishia, inayoiwasha bila ubao mama. Jaza tangi, washa sekunde chache, zima, ongeza. Pampu isizunguke kavu hata kidogo. Inamisha kasha huku na huku viputo vitoke.

Tandika tishu nyeupe chini ya kila fitingi, uache saa 24. Mvujo mdogo huchukua saa kadhaa kujikusanya kuwa tone, ndiyo maana saa moja haitoshi.

Ukikuta unyevu

Zima, chomoa kwenye ukuta, toa kulanti. Sehemu za umeme zifute kwa alkoholi ya isopropili na uziache zikauke kabisa. Alkoholi hiyo isiguse bloku wala tangi la akriliki: huleta nyufa, na utakuwa umejitengenezea mvujo mwingine.

Kulanti ibadilishe kila miezi 12, au mapema ikianza kuwa na ukungu. Oringi zitazame siku hiyohiyo, mfumo ukiwa mtupu.