Kujifunza kuogelea ukubwani: ya kuweka sawa kabla ya kuingia majini

Watu wa bara hudhani kila aliyezaliwa pwani anajua kuogelea. Si kweli. Wako akina mama wa visiwani ambao nyumba zao zinaitazama bahari, nao hawajawahi kupita maji ya magotini. Na anayeikumbuka meli ya Mv Bukoba iliyozama Ziwa Victoria 1996, au Spice Islander iliyozama kati ya Unguja na Pemba Septemba 2011, hahitaji kuulizwa hofu yake imetoka wapi.

Kwa hiyo anza kwa kumwambia mwalimu unachoogopa hasa: maji kuingia puani, kutoona chini, au kumbukumbu ya kutoswa utotoni. Muulize mtaanzia kina gani. Maji ya kiunoni mpaka kifuani yanatosha. Akisema atakutosa penye kina ili uzoee, muage kwa adabu uondoke.

Siku chache kabla, tumia beseni nyumbani. Vuta pumzi kwa mdomo, zamisha uso, toa pumzi polepole ukiona mapovu, kisha inua uso. Mwenye hofu hubana pumzi. Akiibuka anataka kutoa na kuvuta kwa mpigo mmoja, ndipo anapopaliwa na kuamini kwamba anazama.

La muhimu kuliko yote, kwa maoni yangu, ni kukubaliana na mwalimu kwamba utafundishwa kusimama kabla ya kufundishwa kwenda mbele. Mtu mzima huogopa sana kukosa pa kukanyaga. Ukiwa umeelea kifudifudi, kunja magoti kuelekea kifuani, kandamiza maji kwa viganja, inua kichwa, ndipo ushushe nyayo. Rudia hapohapo penye ukingo mpaka mwili uzoee. Ukishajua kwamba unaweza kusimama wakati wowote, kuelea hakutakusumbua sana.

Mavazi yabane mwili. Kanga na baibui hunywa maji na kuzonga miguu, lakini sitara si kizuizi: mradi wa Panje kule Nungwi, Unguja, umefundisha wanawake na wasichana wakiwa na mavazi ya kuogelea yanayofunika mwili mzima. Miwani ya kuogelea nayo ni ya lazima, maana kuona chini hupunguza nusu ya wasiwasi. Mwenye kifafa, pumu, maradhi ya moyo au sikio linalotoka usaha amuone daktari kwanza.

Bwawa ni rahisi kuanzia kwa sababu kina chake hakibadiliki. Ukichagua bahari, maji ya chumvi yatakubeba vizuri zaidi, ila lazima uyajue majira yake. Wakati wa bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, tofauti ya kupwa na kujaa katika pwani yetu hufika mita 4 hivi kwa muda wa saa 6, na saa za katikati maji yanaweza kupanda karibu mita 1 kwa saa. Palipokuwa kiunoni mlipoanza somo huwa shingoni kabla hamjamaliza. Chagua siku za maji mafu, ambapo tofauti ya kupwa na kujaa ni ndogo, na uwaulize wavuvi wa hapo mkondo unapita wapi. Mpira wa ndani wa gari uache nchi kavu: upepo ukivuma kuelekea baharini utakufikisha penye kina kabla hujajua kurudi.