Kupiga msasa kilele chembamba bila kukivunja

Kilele ninachosema hapa ni kile kijiti cha urembo kinachosimama juu ya kifuniko cha kopo la mti: urefu sentimita 9, kiunoni milimita 3 tu, na shanga mbili tatu zilizokerezwa njiani. Wengi hukikereza chote kwanza kwenye mashine, halafu ndipo wanashika msasa. Hapo kinakatika. Mimi nakimaliza kipande kwa kipande kuanzia nchani, na karakana yangu hapa Bukavu, Kadutu, ilinifundisha hivyo kwa hasara.

1. Mti

Tafuta mti mgumu wenye nyuzi laini. Kwangu mkahawa hauna mpinzani. Mkahawa mzee uking'olewa, watu huona kuni. Mimi naona vilele, maana ukingo wake unabaki mkali hata kwenye unene wa milimita 2. Mti wa libuyu ni mzuri kwa kopo lenyewe, lakini nyuzi zake hupishana na kuraruka kwenye kazi nyembamba. Nyuzi zifuate urefu wa kijiti. Zikikaa mshazari, kiuno kitakatika hapo hapo.

2. Kereza sentimita 3 za kwanza tu

Bana kipande chenye unene wa milimita 25 kwenye mandreni, yale mataya ya mashine yanayoshika mti. Ukikaribia ncha, ondoa ule mhimili wa upande wa pili, kwa sababu msukumo wake hupinda mti mwembamba. Toa ncha mpaka umbo lake la mwisho, huku nyuma yake bado pana mti mnene wa kuishikilia. Patasi iwe imetoka kunolewa sasa hivi. Kovu la patasi butu linaondoka kwa msasa, sawa, ila linaondoka pamoja na umbo.

3. Msasa

Vaa barakoa, hata kwa kazi ya dakika kumi. Shirika la utafiti wa saratani, IARC, liliweka vumbi la mti kwenye orodha ya visababishi vya saratani kwa binadamu mwaka 1995. Vumbi la muvula halingoji hata huko: litakuwasha shingo siku hiyo hiyo.

Hamisha mkanda wa mashine, mwendo ushuke hadi mizunguko 800 au 1,000 kwa dakika. Adui ni joto. Mti mwembamba hauna pa kulipeleka, unapasuka vinyufa usivyoviona mpaka upake rangi. Kidole kikianza kuungua, ujue umechelewa.

Kata msasa upana wa kidole cha mwisho, ukunje mara tatu. Usiuviringishe kidoleni wala kuzungushia kijiti. Ukinaswa, kiuno kinajinyonga. Mimi naushika chini ya kilele, na kidole cha mkono wa pili kinaegemea juu yake kama mto, kikisukuma sawasawa na msasa unavyosukuma. Kwenye bonde, ingia kutoka kila upande, uishie chini kabisa, usivuke ukingo. Shanga iguse mara moja tu, kwa msasa wa namba 400 (namba kubwa, msasa laini). Ukiizidishia inalegea kama punje ya hindi la kuchemsha.

Namba zangu ni 240, 320, 400. Ukijikuta unatafuta 120, rudi kwenye patasi. Kila unapobadili namba, simamisha mashine, futa vumbi, kisha pitisha kwa mkono ule msasa uliokuwa ukitumia, ukifuata nyuzi. Hiyo ndiyo inayofuta vile vimistari vya mviringo.

4. Paka hapo hapo

Shelaki nyepesi, ile vanishi inayoyeyushwa kwa spiriti, kwa tishu. Si kitambaa: kitambaa kikinaswa kinaondoka na kidole, tishu inachanika tu. Mvua za Aprili huiletea shelaki ukungu mweupe, kwa kuwa spiriti ikiruka inaupoza uso wa mti na unyevu wa hewa unakaa humo. Ngoja siku ya jua, ufute kwa spiriti kidogo sana.

5. Songa kuelekea mota

Sentimita 3 nyingine, mpango ule ule. Ulikomaliza usirudi tena na patasi.

Na hapa ndipo umeme wetu unapoingia. Mama mmoja aliagiza kopo la harusi ya binti yake. Umeme ulikatika saa kumi alasiri, kilele kikiwa nusu, nikakiacha kwenye mandreni. Asubuhi kijana wangu akawasha: ncha inachora duara hewani. Mti ulikuwa umehama usiku.

“Papa, ni kidogo tu,” akasema.

Nikakubali, nikagusa na patasi. Ncha tuliiokota chini ya benchi. Tangu siku hiyo sianzi kilele baada ya saa sita mchana, na kikilala nusu, nakigeuza kuwa kilele kifupi.

6. Nta na gundi

Shelaki ikikauka, gusisha kibonge cha nta ya nyuki kwenye mti unaozunguka, kisha ikandamize na tishu. Inayeyuka karibu nyuzi joto 63, msuguano unatosha. Lakini kile kijino kitakachoingia kwenye kifuniko kifunge kwanza kwa utepe wa karatasi, kibaki kikavu, bila shelaki, bila nta. Gundi haishiki nta. Mwisho kabisa kikate kitoke kwenye mandreni, mkono wa kushoto ukiwa umekikinga kilele kwa chini, bila kukibana.