Vidoa vya damu kwenye ngozi ya mtoto baada ya mafua: la kufanya

Mafua yamekwisha, mtoto anakula na kucheza, kisha wiki moja hadi nne baadaye miguu inajaa vidoa vyekundu vidogo kama ncha ya pini, na alama za bluu ingawa hajaanguka. Mara nyingi ni kingamwili, yaani askari wa kinga ya mwili, zilizoamshwa na virusi: zinajishika kwenye chembe sahani, zinazosaidia damu kuganda, na bandama inaziharibu chembe hizo. Ugonjwa huu, uitwao ITP, huwapata zaidi watoto wa miaka 2 hadi 5.

Bonyeza kidoa kwa bilauri ya kioo. Upele wa kawaida hufifia. Damu iliyovuja chini ya ngozi haifutiki. Ikiwa pia ana homa, shingo imekakamaa au amelegea, kimbilieni hospitali, huenda ni homa ya uti wa mgongo. Hata asipokuwa na dalili hizo, apimwe siku hiyohiyo.

Kipimo ni picha kamili ya damu, na tone litazamwe kwa hadubini, maana chembe zikishikamana ndani ya chupa mashine huhesabu chache. Kawaida ni chembe sahani 150,000 hadi 450,000 kwa mikrolita; hapa mara nyingi hushuka chini ya 20,000. Usiishie kwenye namba hiyo. Hemoglobini (kiasi cha damu) au chembe nyeupe zikiwa nazo zimevurugika, au mifupa inauma na tezi zimevimba, daktari achunguze uboho kabla ya kutoa prednisoloni, dawa ya steroidi, kwani inaweza kuificha saratani ya damu.

Asiyevuja damu zaidi ya ngozini kwa kawaida huangaliwa tu bila dawa, na wengi hupona ndani ya miezi 6. Kumwongezea chembe sahani ni kwa hatari ya kifo tu; nazo huharibiwa upesi.

Nyumbani, ibuprofeni na aspirini ni marufuku. Homa ikipanda, wasilianeni na daktari. Badala yake ni paracetamoli, dozi moja miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo ya uzito wa mtoto, si zaidi ya mara 4 kwa siku. Sindano za msuli, baiskeli na kupanda miti viachwe. Pua ikitoka damu, aketi ameinama mbele, bana sehemu laini dakika 10 mfululizo. Kuachia kila mara ili kuchungulia ndiko kunakochelewesha damu kukatika.

Akiumwa sana kichwa, akitapika, akisinzia ovyo au akigonga kichwa, ni dharura. Macho ya manjano, kupauka na mkojo mweusi vina maana kwamba huenda zinazoshambuliwa ni chembe nyekundu: hospitali mara moja, kwa kipimo cha Coombs, kinachotafuta kingamwili zilizojishika kwenye chembe nyekundu.