Jinsi ya kuomba kibali cha bunduki ya mgeni anayekuja Tanzania kuwinda simba au chui

Mgeni akiiandikia kampuni yenu ya uwindaji kwamba anataka simba, usianze na tarehe ya ndege. Muulize anakuja na bunduki gani. Kibali hutolewa kwa bunduki fulani, yenye aina, kaliba (upana wa tundu la mtutu, kwa inchi) na namba yake. Akibadili mawazo wiki moja kabla ya safari, unaanza upya.

Kwa simba, kaliba isipungue .375. Wengi huja na .375 Holland & Holland, ambayo imekuwapo tangu 1912 na inamfaa chui pia. Chui ni mwepesi kuliko simba kwa mbali, lakini huja kwenye chambo jua likizama, kwa hiyo darubini nzuri juu ya bunduki itamsaidia mgeni kuliko nguvu ya ziada. Wapo wanaopenda .416 au .458. Sawa, ila anayeogopa bunduki yake inavyompiga bega atakosa shabaha, na chui aliyejeruhiwa atafuatwa kichakani na mwindaji bingwa wenu, si yeye. Risasi ziwe za ncha laini. Zile ngumu ni za tembo. Bastola na bunduki zinazojipakia zenyewe aziache kwao.

Bunduki ikishajulikana, mwombe nakala ya pasipoti, uthibitisho kwamba silaha ni yake, na idadi ya risasi. Mmarekani awe na Fomu 4457 ya forodha ya kwao, iliyogongwa muhuri kabla hajaondoka. Bila hiyo atasumbuliwa akirudi. Namba ya bunduki usiipokee kwa kuandikiwa tu. Taka picha ya chuma chenyewe. Niliwahi kuandika 8 mahali palipokuwa na B, na mgeni akakaa Arusha siku mbili huku bunduki yake ikiwa imezuiwa uwanja wa ndege.

Maombi hupelekwa polisi na kampuni inayompokea, mapema, yakiambatana na barua ya kampuni inayotaja kitalu (eneo la kuwindia) na tarehe za uwindaji. Ada ilipwe kwa namba ya kumbukumbu ya malipo ya Serikali, na risiti uitunze.

Wakati huohuo mgeni aongee na shirika lake la ndege. Risasi haziruhusiwi kuzidi kilo 5 kwa abiria, na bunduki husafiri bila risasi ndani ya sanduku lenye kufuli. Kama anabadilisha ndege njiani, aulize nchi hiyo inataka kibali gani. Hapa ndipo wageni wengi hukwama, nasi hulaumiwa.

Siku ya kufika, mtu wa kampuni awe uwanjani na kibali halisi pamoja na nakala mbili. Polisi watafungua sanduku, watasoma namba na kuhesabu risasi.

Kibali cha bunduki si leseni ya kuwinda. Leseni hutolewa na TAWA, Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania, kulingana na mgawo wa kitalu, yaani idadi ya wanyama wanaoruhusiwa kuwindwa humo, na askari wanyamapori huongozana na msafara. Simba dume awe ametimiza miaka 6. Mwambie mgeni mapema, asije akakasirika mwindaji bingwa akimzuia kufyatua.

Wakati wa kuondoka bunduki zilezile zitoke. Mgeni akitaka kumwachia mpishi wa kambi risasi zilizobaki kama zawadi, mkatalie palepale.