Kuandaa Maswali ya Kumhoji Bingwa wa Michezo

Kabla hajaketi mbele yako, bingwa ameshaulizwa "Unajisikiaje?" mara nyingi mno, na jibu lake hutoka lenyewe: anamshukuru Mungu, kocha na mashabiki, kisha ananyamaza. Hastahili kulaumiwa kwa hilo, kwani swali lisilotokana na tukio lolote haliwezi kupata jibu lenye tukio ndani yake. Ndiyo maana sehemu kubwa ya kazi ya mhoji hufanyika mapema, katika kusoma na kutazama.

Anza na matokeo yake, yakiwamo ya mashindano aliyoshindwa, ambayo mara nyingi yana mengi ya kuulizia kuliko ya ushindi. Kisha tazama video ya shindano zima zaidi ya mara moja, ukiandika pale mambo yalipobadilika. Katika fainali ya mita 800 ya Olimpiki ya London mwaka 2012, kwa mfano, David Rudisha aliongoza karibu mbio zote bila mkimbiaji wa kumwekea kasi, akapita mita 400 kwa sekunde 49.28 na kumaliza kwa dakika 1:40.91, rekodi mpya ya dunia. Aliyeyasoma hayo anaweza kumuuliza: "Ulipopita mita 400 kwa sekunde 49.28 huku hakuna aliyekutangulia, ulijuaje kwamba kasi hiyo haitakumaliza?" Swali kama hilo humrudisha mkimbiaji ndani ya mbio zenyewe, mahali ambapo yeye peke yake ndiye shahidi, na humwonyesha kwamba umeiheshimu kazi yake.

Kila tarakimu ihakikiwe. Eliud Kipchoge alikimbia marathoni kwa saa 1:59:40 jijini Vienna mwaka 2019, lakini muda huo haukutambuliwa kuwa rekodi ya dunia, kwa kuwa hayakuwa mashindano ya wazi na waweka kasi walikuwa wakipokezana. Rekodi aliyoiweka Berlin mwaka 2022 ilikuwa saa 2:01:09. Mhoji anayeyachanganya hayo mawili humfanya mhojiwa atumie dakika za mwanzo kusahihisha, na imani ikishapotea hairudi kwa urahisi.

Unapoandika, swali moja libebe jambo moja. Ukiuliza kuhusu jeraha, kocha mpya na msimu ujao kwa pumzi moja, atajibu lililo rahisi na kuyaacha mengine. Epuka pia swali linalojibiwa kwa ndiyo au hapana: badala ya "Je, uliogopa?" mwambie, "Nieleze saa ya mwisho kabla hujaingia uwanjani."

Maswali magumu, kama yale ya dawa zilizopigwa marufuku au ugomvi na shirikisho, nayo yana haki ya kuulizwa, na kuyakwepa ni kumdhulumu msomaji. Taja kwanza jambo lililothibitishwa, bila kulitia chumvi, na utofautishe mtu anayechunguzwa na mtu aliyepatikana na hatia, kisha uliza kwa ufupi. Yasiwe ya kwanza, kabla hamjazoeana, wala yasibaki ya mwisho kabisa, kwa sababu mhojiwa anahitaji muda wa kujieleza. Uzito wa mwili na mambo ya familia uyaguse tu iwapo yanahusu uchezaji wake au ameyazungumza hadharani yeye mwenyewe.

Mahojiano ya kusimama, mara tu baada ya shindano, hayawezi kubeba zaidi ya maswali mawili au matatu. Ya kuketi yanahitaji mengi zaidi, lakini yaandike kwa maneno machache ya kukukumbusha tu, ili macho yako yabaki kwa mhojiwa na uweze kufuata jibu lisilotarajiwa. Meneja wake akiomba maswali mapema, mpe mada badala ya maswali yenyewe, isipokuwa yale yanayohitaji tarehe au kumbukumbu za mazoezi, ambayo ni haki mwanamichezo apate nafasi ya kuyatafutia majibu sahihi.